Shajara ya mradi: Lancer Evolution VIII kuhama petroli kwenda E85

Gari na lengo

Gari ni Mitsubishi Lancer Evolution VIII yenye injini ya 4G63 ya turbo: cc 1997, kipenyo cha silinda milimita 85, mwendo wa pistoni milimita 88, mgandamizo 8.8 kwa 1. Pistoni, konrodi, krenki na turbo yenyewe ni vya kiwandani. Lengo ni nguvu ya farasi 400 kwenye krenki kwa E85 (mchanganyiko wa ethanoli nyingi na petroli kidogo), huku gari likibaki na uwezo wa kujazwa petroli ya kawaida na kuendelea na safari bila mtu kufungua kompyuta mpakato. Sharti hilo la mwisho ndilo lililoamua karibu kila kifaa kilichonunuliwa.

Ethanoli inapendwa na injini za turbo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni oktani, yaani uwezo wa mafuta kustahimili kugonga (kulipuka kwenyewe ndani ya silinda badala ya kuwaka taratibu): kwa kipimo cha RON ethanoli ni takriban 108, petroli nzuri ya kituoni ni 95 hadi 98. Ya pili, ambayo watu huipunja, ni ubaridi. Kilo moja ya ethanoli ikigeuka mvuke hunyonya joto takriban mara mbili na nusu ya kilo moja ya petroli, na kwa E85 unapuliza kilo nyingi zaidi kwa kama nusu. Ukizidisha hizo mbili, hewa inayoingia kwenye silinda inapozwa karibu mara nne. Koenigsegg ilionyesha jambo hili wazi mwaka 2007: CCX ya petroli ilikuwa na farasi 806, na CCXR yenye V8 ileile iliyotayarishwa kwa E85 ikafika 1018.

Gharama ya faida hiyo ni ujazo. Lita moja ya petroli ina nishati ya megajuli 32 hivi, lita ya ethanoli ina 21. Uwiano kamili wa hewa kwa mafuta ni 14.7 kwa petroli, 9.0 kwa ethanoli tupu, na karibu 9.8 kwa E85. Kwa hiyo kwa hewa ileile, mfumo wa mafuta lazima utoe ujazo zaidi kwa karibu asilimia 42. Mradi huu ni wa mabomba, nyaya na pampu kwanza, ndipo ramani ya kompyuta (majedwali ya mafuta na cheche) inafuata. Magari mengi ya turbo yanayopasua pistoni kwa E85 hupasua kwa kukosa mafuta juu ya mizunguko, wala ethanoli yenyewe haina kosa.

Afya ya injini kabla ya kugusa chochote

Mgandamizo ulipimwa injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa, vali ya hewa imefunguliwa kabisa, waya za nozo (vipulizia mafuta) zimechomolewa. Silinda ya 1 hadi ya 4: bar 10.4, 10.2, 10.3, 10.1. Tofauti ni bar 0.3. Ikifika bar 1, mradi unasimama hapo hadi ijulikane kama ni ringi, vali au gasketi, maana presha ya turbo itaongezwa juu ya udhaifu huo.

Mikanda miwili ya mbele, wa taimingi na mdogo wa shafti za mizani, imebadilishwa pamoja na tenshena. Ule mdogo ukikatika huweza kuuvuta mkubwa nje ya meno yake, na hapo vali zinakutana na pistoni. Mfumo wa hewa ulipulizwa moshi kutoka mdomo wa turbo hadi manifodi, na mpira mmoja chini ya intakula (kipozeo cha hewa ya turbo) ulikuwa unavuja. Ukibaki unavuja, kila namba inayosomwa baadaye inakuwa ya uongo.

Hesabu ya mafuta

Hesabu hii ifanyike kwenye karatasi kabla ya kununua nozo. Injini ya turbo kwenye E85 hutumia kama kilo 0.50 za mafuta kwa kila kilowati kwa saa. Farasi 400 ni kilowati 294. Kilo 147 kwa saa, gawanya kwa uzito wa 0.785 kwa lita, unapata lita 187 kwa saa. Hiyo ni cc 3,120 kwa dakika, au cc 780 kwa kila silinda. Nozo isiachwe wazi zaidi ya asilimia 80 ya muda wake, kwa hiyo inahitajika nozo ya cc 975 au zaidi kwa presha ya bar 3. Tumechukua za cc 1050.

Ukigeuza hesabu hiyohiyo kwa nozo za kiwandani, ambazo ni cc 560, kwa asilimia 80 zinatosha farasi 230 tu. Gari lililotoka kiwandani na farasi 280 lingekuwa dhaifu zaidi kwenye mafuta bora zaidi, na mtu akiendelea kuongeza presha ya turbo bila kubadilisha nozo, mchanganyiko unakuwa mkavu (mafuta machache kwa hewa iliyopo) palepale injini inapobeba mzigo mkubwa.

Kuhusu pampu, wengi huruka moja kwa moja hadi ile ya lita 450 kwa saa. Kwa lengo hili hatukuiona ya lazima. Pampu kubwa kupita kiasi inavuta umeme mwingi, inazungusha mafuta ambayo hayachomwi hadi tangi linapata joto, na wakati wa silensa (injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta) regyuleta ya presha ya mafuta ya kiwandani inashindwa kurudisha mafuta yote hayo, hivyo presha ya msingi inapanda yenyewe. Iliyochaguliwa ni pampu ya daraja la lita 340 iliyotengenezwa kwa ethanoli. Angalia jedwali la pampu kwenye mstari sahihi: bar 3 za msingi pamoja na bar 1.5 za turbo ni bar 4.5. Ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi kwa kawaida ni ya presha ndogo.

Tangi na pampu

Betri ilichomolewa, presha ya reli (bomba linalogawia nozo mafuta) ikashushwa, tangi likamwagwa. Kizima-moto kilichowekwa pembeni ni cha unga mkavu. Povu la kawaida linayeyuka juu ya pombe, na moto wa ethanoli tupu hauonekani vizuri mchana, kwa hiyo mtu anaweza kuusikia kwa joto kabla ya kuuona.

Evo ina tangi lenye matumbo mawili lililopanda juu ya shafti ya propela. Pampu iko tumbo moja, na tumbo la pili linanyonywa na jeti ndogo inayosukumwa na mafuta yanayorudi. Ukibadilisha paipu ya kurudi na kuimwaga popote ndani ya tangi, jeti inakufa. Geji itaonyesha mafuta yapo, pampu itakuwa inanyonya hewa kwenye kona. Tumeacha paipu mpya ya kurudi ipite kwenye jeti, kisha tukahakikisha kwa kujaza matumbo yote mawili, kuzungusha pampu, na kutazama tumbo la mbali likishuka.

Ndani ya tangi kuna kosa moja linalorudiwa sana: mpira wa daraja la SAE 30R9. Mpira huo ni mzuri kwa mafuta yanayopita ndani yake, lakini haukutengenezwa kuzamishwa. Nje yake inavimba, inalainika, halafu klipu inalegea na presha inapotea tangini pasipo kuonekana tone hata moja nje. Kilichozama lazima kiwe 30R10. Chujio la mdomo wa pampu nalo ni la ethanoli, matundu yake maikroni 100 hivi.

Tangi la zamani lina utando wa petroli iliyozeeka ukutani. Ethanoli itaubandua wote. Ndiyo sababu chujio la kati lina kichujio cha nyuzi za kioo cha maikroni 10, si cha karatasi, na kimewekwa mahali ambapo mkono unafika bila kuinua gari.

Paipu, oringi na vitu vinavyoliwa

Paipu ya kwenda na ya kurudi zote ni za PTFE (Teflon) saizi ya 6, zenye tabaka la kaboni ndani. Tabaka hilo si mapambo. Mafuta yanayokimbia ndani ya PTFE tupu hujenga chaji ya umeme, na cheche ndogo inaweza kutoboa ukuta wa paipu, kitundu kama ncha ya sindano ambacho kinanyunyiza ukungu wa mafuta karibu na ekzosi.

Oringi za nozo na regyuleta ni za Viton. Zinki, magnesiamu na aluminiamu tupu hazipatani na ethanoli, hasa ikishachukua maji: hutoa unga mweupe unaoishia kwenye nozo. Reli mpya ni ya aluminiamu iliyofunikwa kwa umeme. Koki za shaba zenye zinki nyingi zilitolewa. Mpira wa asili, koki ya mti na poliuretani havina nafasi popote mafuta yanapogusa.

Umeme wa pampu

Hapa ndipo mradi ulipopata faida kubwa kwa kazi ndogo. Injini ikiwa silensa, taa na feni zimewashwa, oltaneta ilitoa volti 14.1. Kwenye kiunganishi cha pampu zilifika 11.6. Evo ina rizista na rilei zinazopunguza mwendo wa pampu mzigo ukiwa mdogo, na hata zikishatolewa kwenye mzunguko, waya wa kiwandani ni mwembamba kwa pampu hii.

Waya mpya wa milimita mraba 4 umetoka betri, ukapita fyuzi ya ampea 25 iliyo karibu kabisa na betri, kisha rilei nyuma ya kiti. Waya wa kiwandani sasa unaamrisha rilei tu. Ethi imepewa waya wake mpya wa unene uleule hadi bodi iliyokwanguliwa rangi. Usisahau kipande kifupi kinachopenya kifuniko cha tangi. Pini za kiwandani hapo hupata moto na kuyeyusha plastiki. Kipimo baada ya kazi: volti 13.7. Volti mbili hizo ni tofauti ya makumi ya lita kwa saa.

Kipimo cha mtiririko

Kabla ya injini kuwashwa, mfumo mzima ulipimwa kama utakavyofanya kazi barabarani. Paipu ya kurudi ilichomolewa na kuelekezwa kwenye chombo chenye alama za lita, nje ya jengo, mbali na chochote chenye cheche. Chaja ilishikilia betri kwenye volti 13.5. Regyuleta iliwekwa bar 3 mpira wa ombwe ukiwa umetolewa. Kisha pampu ya baiskeli yenye geji ikaunganishwa kwenye chuchu ya regyuleta na kusukumwa hadi bar 1.5. Geji ya reli ikapanda hadi 4.5, moja kwa moja bila kusita. Hilo peke yake linathibitisha kwamba diaframu ya regyuleta ni nzima.

Pampu ikazungushwa sekunde 30 kwa presha hiyo. Chombo kilipokea lita 2.25, sawa na lita 270 kwa saa. Mahitaji ni 187. Ziada ya zaidi ya asilimia 40 inatosha kubeba chujio linaloanza kuziba, siku ya joto na betri iliyochoka. Kama chombo kingeonyesha lita 1.5, hakuna ramani yoyote ambayo ingeliokoa gari hili, na daino (mashine ya kupima nguvu ya gari) ingekuwa mahali pa gharama kubwa pa kugundua hivyo.

Nozo

Nozo za kiwandani ni za ukinzani mdogo, ohm 2 hadi 3, na zinalindwa na boksi la rizista ndani ya chumba cha injini. Mpya ni za ohm 12. Boksi hilo lazima lirukwe: waya mmoja wa umeme unaoingia umeunganishwa na minne inayotoka. Likiachwa, nozo mpya zitapata umeme dhaifu, zitachelewa kufunguka, na silensa itakuwa ya kutikisika kila feni inapowaka.

Muda wa kuchelewa kufunguka uliingizwa kutoka jedwali la mtengenezaji kwa kila volti na kila presha. Usikisie namba hii. Kwenye nozo kubwa, wakati wa silensa, muda huo ni sehemu kubwa ya muda wote nozo inapoamriwa kufunguka, na ukikosea kidogo tu mchanganyiko unabadilika kila volti inapopanda au kushuka.

Kihisi cha ethanoli

Kihisi ni kile cha Continental kinachotumika kwenye magari mengi ya kiwandani ya mafuta mseto. Kina waya tatu: volti 12, ethi na ishara. Kinapima uwezo wa mafuta kuhifadhi chaji. Ethanoli iko karibu 24, petroli karibu 2. Ishara ni masafa: hezi 50 ni petroli tupu, hezi 150 ni ethanoli tupu, kwa hiyo ukitoa 50 unapata asilimia papo hapo. Upana wa mpigo unabeba joto la mafuta.

Kimewekwa kwenye paipu ya kurudi, baada ya regyuleta. Kwenye paipu ya kwenda njia yake nyembamba ingeibana pampu. Kwenye ya kurudi inaweza kuinua presha ya msingi, kwa hiyo presha ilipimwa tena kikiwa mahali pake: bar 3.0, haikusogea. Kimesimamishwa wima ili mapovu yapite.

Maji yana uwezo wa chaji wa karibu 80. Mafuta yenye maji yatasomeka kama ethanoli nyingi kuliko iliyopo, na kompyuta itaongeza taimingi (itapiga cheche mapema zaidi) kwa mafuta ambayo hayastahili. Kwa hiyo kihisi kisiachwe kiwe shahidi pekee. Kila mafuta mapya yanapimwa kwa silinda ya kioo ya mililita 100: maji mililita 20, mafuta mililita 80, tikisa, acha dakika 10. Ethanoli inaifuata maji chini, petroli inabaki juu. Mstari wa utengano ukiwa kwenye 86, ethanoli ni 66 kati ya 80, yaani asilimia 82. Kipimo hiki husoma chini kidogo kwa sababu maji na ethanoli vikichanganyika hupungua ujazo, na kupungua huko kuko upande wa usalama.

Jina E85 lisikufanye uamini 85. Kiwango cha Marekani cha ASTM D5798 kinaruhusu ethanoli kuanzia asilimia 51 hadi 83, kwa kuwa msimu wa baridi petroli huongezwa ili magari yawake. Gari lenye ramani moja ya 85 na halina kihisi litapata 70 siku moja, na ndiyo maana hatuoni njia hiyo kuwa ya kufuata.

Ethanoli yenye maji, kama ile inayouzwa Brazil ikiwa na maji ya asilimia 4 au 5, isichanganywe ovyo na petroli. Ethanoli ikiwa nyingi maji hubaki yameyeyuka. Ukijaza petroli juu yake hadi ethanoli ibaki kidogo, maji hujitenga pamoja na sehemu ya ethanoli na kukaa chini, hasa mdomoni mwa pampu.

Plagi

Plagi ni NGK namba 8 badala ya 7 ya awali, nafasi milimita 0.6. Ethanoli inavumilia sana kugonga, lakini haivumilii sehemu yenye moto mwekundu ndani ya silinda. Ncha ya plagi iliyopata joto kupita kiasi itaiwasha kabla ya cheche, na kuwaka kabla ya wakati huvunja pistoni bila onyo la sauti. Kwa hiyo plagi ya baridi zaidi haikuwekwa kwa mazoea.

Ramani: petroli kwanza

Kompyuta ya kiwandani imetolewa, imewekwa ya kujitegemea inayosoma presha ya manifodi na joto la hewa, yenye mlango wa kihisi cha ethanoli. Imeambiwa uwiano wa 14.7 kwa petroli na 9.0 kwa ethanoli, uzito wa kila moja, na yenyewe inachanganya kufuatana na kihisi.

Jedwali la hewa lilisetiwa lote kwa petroli, presha ya turbo bar 0.9. Baada ya hapo tangi likamwagwa na kujazwa E85 iliyosoma 82. Jedwali likiwa la kweli, marekebisho yanayobaki ni asilimia 2 hadi 4. Hapa ilikuwa 3 kwenye mzigo, 4 silensa. Ukiona 10 au 15, usiongeze mafuta kwa mkono ili namba ipendeze. Rudi kwenye data za nozo au presha ya mafuta, kosa liko huko.

Tulifanya kazi kwa lamda tupu, ambapo 1.0 ni uwiano kamili wa mafuta yoyote na chini yake ni mafuta mengi zaidi. Geji inayoonyesha uwiano wa petroli itaandika 11.8 kwa lamda 0.80 hata kwenye E85, ingawa uwiano halisi ni 7.8, na mazungumzo ya watu wawili wanaotumia mizani tofauti huishia kwa injini iliyoharibika. Silensa na mwendo wa kawaida ni lamda 1.0. Mzigo kamili ni 0.80.

Taimingi

Kwenye petroli, injini ya turbo inakuambia mwenyewe pa kusimama. Unaongeza nyuzi za taimingi, inaanza kugonga, unarudi nyuma. Kwenye E85 na mgandamizo wa 8.8, onyo hilo halitokei kwa wakati. Unaweza kupita mahali pa nguvu kubwa kabisa na kuendelea kuongeza nyuzi huku kihisi cha kugonga kimetulia, wakati presha ndani ya silinda inapanda mapema mno na kusukuma pistoni ambayo bado inapanda. Konrodi za kiwandani ndizo zinazolipa.

Kwa hiyo kinachotazamwa ni toki (nguvu ya kuzungusha) kwenye daino, si masikio. Injini ilishikiliwa kwenye mizunguko isiyobadilika, nyuzi zikaongezwa moja moja. Penye mzigo mkubwa, karibu na mizunguko 3,800, petroli ilikuwa imeishia kwenye nyuzi 4. E85 ilianza hapohapo, na toki ikapanda kwa kila nyuzi hadi 10. Ya 11 ikaleta kidogo sana, ya 12 haikuleta kitu. Ramani ikabaki 9. Kuelekea 7,000 zimefika 18. Presha ya turbo ni bar 1.5 katikati, ikishuka hadi 1.3 juu kwa sababu turbo ya kiwandani huko inapuliza joto zaidi kuliko hewa.

Toki ya katikati imezuiwa kwa makusudi. Turbo hii ingeweza kutoa bar 1.7 kwenye 3,500, lakini mzigo wa ghafla kwenye mizunguko midogo ndio unaopinda konrodi, na farasi 400 haziko huko.

Nyuzi za ziada na presha ya ziada zinaingia taratibu kuanzia ethanoli asilimia 30 na kukamilika kwenye 70. Juu ya 70 faida ya kuzuia kugonga ni ndogo, hivyo hakuna cha kuongeza.

Kuwasha injini ikiwa baridi

Hakuna sehemu inayokatisha tamaa wenye magari kama hii. Ethanoli haitoi mvuke wa kutosha kwenye baridi: inaanza kutoa mvuke unaoshika moto kwenye nyuzijoto 13 au 14 hivi, petroli inafanya hivyo hata kwenye kasoro 40. Magari ya pombe ya Brazil, kuanzia Fiat 147 ya mwaka 1979, yalibeba tangi dogo la petroli kwa ajili ya kuwashia tu.

Jedwali la kuwashia limegawanywa kwa asilimia ya ethanoli na joto la maji ya injini. Kwenye nyuzijoto 10 na ethanoli 82, mafuta ya kuwashia ni karibu mara mbili na nusu ya petroli kwenye joto hilohilo. Injini ikizungushwa na stata muda mrefu ndipo ikashika kwa moshi, mafuta ni mengi mno. Ikishika mara moja na kuzimika, ni machache baada ya kuwaka. Plagi zikishalowa, kanyaga mafuta hadi mwisho huku ukipiga stata, kompyuta ifunge nozo na silinda zikauke. Nyongeza ya mafuta unapokanyaga ghafla nayo imebaki kubwa hadi maji yafike nyuzijoto 65, maana ethanoli hushika kwenye kuta za manifodi zilizo baridi.

Ulinzi

Kihisi cha presha ya mafuta kimewekwa kwenye reli. Kompyuta inatoa presha ya manifodi kutoka kwenye presha ya reli. Jibu liwe bar 3 wakati wote. Likishuka chini ya 2.6 kwa sekunde 0.2 turbo ikiwa inapuliza, injini inakatwa. Ulinzi huu unakamata chujio lililoziba, pampu inayokufa na tangi linalonyonya hewa kabla lamda haijabadilika.

Ishara ya ethanoli ikipotea, mafuta yanabaki kwenye asilimia ya mwisho iliyosomwa, lakini taimingi na presha ya turbo vinarudi vya petroli. Vitu hivi viwili vikipewa jibu moja, mojawapo lazima kiwe hatari: mafuta ya petroli kwenye tangi la E85 ni mchanganyiko mkavu, na taimingi ya E85 kwenye tangi la petroli ni kugonga.

Yaliyoonekana baada ya matangi ya mwanzo

Chujio la maikroni 10 lilifunguliwa baada ya matangi matatu. Ndani kulikuwa na tope la kahawia, ule utando wa tangi. La pili lilitoka karibu safi. Matumizi ya barabarani yamepanda kwa karibu theluthi moja.

Oili inabadilishwa kila kilomita 4,000. Ethanoli isiyochomwa hushuka kwenye oili wakati wa baridi, na huondoka tu oili ikikaa juu ya nyuzijoto 78, joto ambalo ethanoli huchemka. Safari fupi mfululizo huacha krimu nyeupe chini ya kifuniko cha oili. Kabla ya kudhani gasketi ya hedi imekwenda, endesha gari kwa muda wa kutosha, futa, kisha utazame tena.

Gari linapoegeshwa zaidi ya mwezi, E85 haiachwi ndani. Tangi linashushwa hadi karibu tupu, inawekwa petroli, gari linaendeshwa hadi kihisi kisome chini ya 15, ndipo linazimwa. Nozo na pampu vinalala kwenye petroli, na siku ya kurudi injini inashika bila kusumbua stata.